Jioni ya kuonja kokteli nyumbani: chupa moja ya Konyagi, watu sita, mizunguko minne

Ukitaka wageni wako wafurahie kuonja kokteli, wape kinywaji kimoja mara nne, na kila mara ubadilishe kitu kimoja tu.

Nimesimama nyuma ya kaunta Dar es Salaam kwa miaka 11, na hili nililijua kazini muda mrefu kabla ya kulifanya nyumbani. Jioni ya kwanza niliyowaalika marafiki niliandaa kokteli tisa zisizohusiana, kila moja glasi nzima. Ya nne ilipofika meza ilikuwa na kelele, na ya sita hakuna aliyejua anakunywa nini. Walikunywa sana, walionja kidogo. Tangu hapo nimepunguza, nimepunguza tena, na mpangilio ninaokupa hapa ndio ninaoutumia kila mara sasa. Ni wa watu sita, wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Unaanza saa 12 jioni, jua likishapoa, na saa 2 usiku mmemaliza.

Hatua ya 1: Chagua kinywaji cha msingi

Mimi nachagua kokteli iitwayo dawa. Ilipata umaarufu Nairobi, kwenye mkahawa wa Carnivore, na ni ndugu wa caipirinha ya Brazili: pombe kali, ndimu na kitu kitamu. Nairobi huweka vodka na asali, na kijiti cha kuikoroga. Hapa kwetu wengi tunaweka Konyagi, pombe angavu ya miwa yenye kilevi asilimia 35. Kwa ulimi wangu Konyagi imekaa kati ya jini na ramu nyeupe, kwa hiyo inaivumilia ndimu vizuri na haijifichi kama vodka. Ukiwa Kenya tumia Kenya Cane, ukiwa Uganda tumia Waragi. Ila Waragi ni asilimia 40, basi punguza kidogo.

Sababu ya kuchagua dawa ni kwamba ina vitu vitatu tu. Ukibadilisha kimoja, hata mtu ambaye hajawahi kuonja kwa makini atalisikia badiliko hilo. Kokteli yenye vitu saba haimfundishi mtu chochote jioni ya kwanza.

Hatua ya 2: Nunua mapema

Chupa moja ya Konyagi ya mililita 750 itatosha na kubaki. Nunua ndimu 25, zile ndogo zenye ganda jembamba. Zibonyeze sokoni: iliyo ngumu kama jiwe haina maji. Limau lisije likachukua nafasi ya ndimu, maana harufu yake ni nyingine kabisa. Chukua asali ya nyuki, na kama unaipata ya Tabora iwe hiyo, maana asali ya miombo ina harufu nzito isiyomezwa na ndimu. Ongeza sukari, ukwaju gramu 100, chupa moja ya mvinyo mwekundu mkavu wa Dodoma, mchaichai, tangawizi, na rozela iliyokauka.

Barafu ni suala zito kuliko watu wanavyodhani. Hesabu nusu kilo kwa kila mgeni, yaani kilo tatu. Ukitengeneza mwenyewe, chemsha maji, yapoe, yagande usiku mzima. Barafu inayotoka kwenye friji ikiwa kavu na ngumu hupoza bila kumwaga maji mengi. Ile iliyokwisha kulowa kwenye ndoo inatia maji kabla haijapoza, na kinywaji kinakuwa chepesi. Umeme wa mtaa wako ukiwa wa kukatika, nunua mfuko wa barafu ya kunywa dukani siku hiyo hiyo uuweke kwenye kasha la kuhifadhia baridi. Ya sokoni, ile ya samaki, usiikaribie.

Hatua ya 3: Tengeneza vimiminika asubuhi

Shira ya sukari: kikombe kimoja cha sukari kwa kikombe kimoja cha maji ya moto. Koroga hadi ikae angavu.

Maji ya asali: vipimo viwili vya asali kwa kimoja cha maji ya moto. Hapa ndipo dawa nyingi za nyumbani huharibikia. Asali ikikutana na barafu moja kwa moja inaganda chini ya glasi, mtu anakunywa ndimu kali mpaka mwisho halafu anapata donge la utamu. Kile kijiti cha Nairobi kinasaidia kwenye glasi kubwa unayoinywa polepole. Kwenye kikombe cha kuonjea hakuna muda huo, basi ilainishe kabla.

Ukwaju: loweka gramu 100 kwenye mililita 250 za maji ya uvuguvugu kwa dakika 20, uufikiche kwa vidole, uuchuje kwa chujio la chai.

Chai ya makali, kwa wasiotumia pombe: mabua matatu ya mchaichai, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba iliyopondwa, punje sita za pilipili manga, nusu lita ya maji. Ichemke dakika 10, ipoe. Pilipili manga inaleta ule mwasho wa kooni ambao watu huutafuta kwenye pombe kali.

Rozela: kiganja kimoja kwenye nusu lita ya maji ya moto, iachwe ipoe, isitiwe sukari.

Ndimu zikamue alasiri, si asubuhi, na kamwe si jana yake. Juisi ya ndimu ikilala inapata uchungu na inapoteza ile harufu ya juu inayokupiga puani kabla hujanywa. Utahitaji kama mililita 210.

Hatua ya 4: Vyombo

Usinunue vifaa vya kaunta. Chupa ya kioo yenye mfuniko wa kufunga sawasawa, ya lita moja, inatikisa vizuri kabisa. Tafuta mbili: moja ya pombe, na nyingine isiyowahi kuguswa na pombe. Dar es Salaam hakuna mwaliko usio na mtu asiyekunywa, kwa dini yake au kwa afya yake au kwa kutaka tu, na mtu huyo hastahili kuletewa soda huku wenzake wakijadili ladha. Vyombo vyake viwe vyake: chupa yake, kipimo chake, chujio lake, vikombe vyake. Mwambie hivyo mapema, akae akiwa na amani.

Kwa kuonjea natumia vile vikombe vidogo vya kahawa, vya wauza kahawa na kashata. Vinabeba kiasi kinachotakiwa, vinakusanya harufu, na kila mtaa vipo. Azima 18. Kwa mzunguko wa mwisho tafuta glasi sita ndogo, maana huo ni wa kutazamwa. Kipimo cha toti cha mililita 25 kitakusaidia, lakini kikombe cha plastiki chenye alama za mililita ni sahihi zaidi.

Hatua ya 5: Walishe kwanza

Chakula kitangulie, na kiwe cha kushibisha. Wakati wa kuonja weka vitu vya kimya: korosho za kuoka zisizo na chumvi nyingi, vipande vya tango, mihogo ya kuchemsha. Mishkaki ya pilipili ingoje mwisho. Ulimi uliowashwa hausikii ndimu. Kila mtu awe na glasi kubwa ya maji mbele yake, na uijaze wewe bila kuulizwa.

Hatua ya 6: Mzunguko wa kwanza, dawa ya sukari

Vipimo vyote ni vya watu sita kwa pamoja. Konyagi mililita 120, ndimu 60, shira ya sukari 50. Jaza chupa barafu hadi nusu, funga, tikisa kwa nguvu sekunde 15, chuja kwenye vikombe. Kila mtu anapata kama mililita 48, kwa sababu barafu imechangia maji yake. Maji hayo ni sehemu ya kinywaji. Bila hayo pombe ingeunguza koo.

Asiyekunywa anatengenezewa vilevile, mililita 20 za chai ya makali mahali pa Konyagi, kwenye chupa yake. Kama wako wawili, basi 40, na upunguze kiasi hicho upande wa pombe.

Waambie wanuse kwanza, wapige funda dogo, wasubiri kidogo, ndipo wapige la pili. Funda la kwanza ulimi unashtuka tu. Mimi sipendi kugawa karatasi za kutoa alama, watu hugeuka mahakimu na kuacha kuonja. Nauliza maswali mawili: nini kilikuja kwanza, na nini kimebaki mdomoni? Shangazi yangu, ambaye hakuwahi kuonja kokteli, alijibu "imekuja kama pipi ikaondoka kama majani." Hilo la majani ni kweli, linatoka kwenye ganda la ndimu, na mimi nilikuwa sijawahi kulisema.

Hatua ya 7: Mzunguko wa pili, vikombe vitatu

Huu ndio moyo wa jioni. Kila mgeni anapata vikombe vitatu, viwili vina kinywaji kimoja na cha tatu ni tofauti. Kazi yake ni kukitambua kile cha peke yake. Wanaopima ladha viwandani hutumia njia hii hii, na nyumbani inaamsha meza kuliko muziki.

Tengeneza ya asali: Konyagi 120, ndimu 60, maji ya asali 40. Asali iliyolainishwa kwa vipimo viwili kwa kimoja ni tamu kuliko shira, ndiyo sababu ni kidogo. Tengeneza tena ya sukari, nusu ya kiasi cha mwanzo: Konyagi 60, ndimu 30, shira 25. Mimina asali kwenye vikombe 12, sukari kwenye sita. Kila kikombe kinapata nusu tu ya kile cha mzunguko wa kwanza. Bandika kipande cha plasta chini ya vile sita vya sukari.

Asali ina rangi, kwa hiyo macho yatasaliti siri. Wapange wawili wawili, mmoja afumbe macho na mwenzake ampe vikombe kwa mpangilio anaotaka, halafu wabadilishane. Wanandoa usiwaweke pamoja, watasaidiana. Kati ya kikombe na kikombe, maji na kipande cha tango.

Atakayebahatisha ana nafasi moja kati ya tatu, basi mtu mmoja kupatia si ushindi mkubwa. Wanne kati ya sita wakipatia, ujue asali yako inasema kitu. Baada ya kufumbua macho waulize wamejuaje. Wengi hawataji utamu. Watasema kile kingine kilikuwa kizito, kilikaa, kilinukia maua au moshi. Ukiona mgeni anatafuta neno, mwache alitafute, usimpe lako.

Hatua ya 8: Mzunguko wa tatu, ukwaju

Sasa utamu unarudi kuwa ule ule wa mzunguko wa kwanza na uchachu ndio unabadilika. Konyagi 120, ukwaju 80, shira 50, chumvi ya kushika kwa vidole viwili. Tikisa.

Ndimu inachoma mara moja na kuisha. Ukwaju unakuja taratibu, unakaa pembeni mwa ulimi, na una ukahawia wa tunda lililoiva sana. Kwa watu waliokua wakinywa juisi ya ukwaju mwezi wa Ramadhani, hapa mazungumzo yanahama kabisa kutoka kwenye kokteli. Yaache yahame. Toa dakika 20 nzima kwa mzunguko huu, usimwage kingine.

Hatua ya 9: Mzunguko wa nne, Dodoma juu

Rudia dawa ya sukari ya kwanza, uichuje kwenye glasi zenye kipande kimoja cha barafu. Geuza kijiko, mgongo juu, ukisogeze karibu na kinywaji, na uumimine mvinyo mililita 10 kwa kila glasi, polepole juu yake. Utatandaza tabaka jekundu.

Mvinyo lazima uwe mkavu. Ile mitamu ya Dodoma, ambayo wengi tunaipenda, ina sukari inayoipa uzito, inazama na kuchanganyika, na tabaka linapotea. Kwa asiyekunywa, rozela isiyo na sukari inaelea vilevile, na rangi yake ni nzuri kuliko ya mvinyo. Waambie wasikoroge. Funda la kwanza lipite kwenye tabaka, walinganishe na walichokumbuka cha saa 12.

Hatua ya 10: Safari ya kurudi

Kwa vipimo hivi kila anayekunywa amepata Konyagi mililita 90 na mvinyo kidogo, yaani kilevi halisi kama mililita 33. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina 25. Ni kiasi cha wastani kwa saa mbili na chakula tumboni, lakini hakimruhusu mtu kushika usukani wala bodaboda. Mimi huuliza usafiri siku ninayoalika, si mlangoni: unakuja na nani, unarudi na nini. Chupa iliyobaki naifunga mzunguko wa nne ukiisha, na mishkaki inatoka.

Shira na maji ya asali yaliyobaki weka kwenye friji, yatakaa wiki mbili. Ukwaju uutumie kesho kwa juisi. Juisi ya ndimu iliyobaki mwaga usiku huo huo.