Rede, kombolela na kipande cha kanga: adabu inafundishika uwanjani

Mwambie mtoto wa darasa la tatu awe na huruma kwa mwenzake. Ataitikia "ndiyo mwalimu", na papo hapo atampiga kikumbo aliye mbele yake kwenye foleni ya uji. Mimi nafundisha shule ya msingi hapa Morogoro, kipindi cha michezo ni changu, na mahubiri nimeyaweka pembeni. Ninachofanya ni kugeuza kanuni za mchezo, ili asiyemjali mwenzake ashindwe kucheza.

Anza na mpira. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, ule mpira wetu wa mifuko na kamba umekuwa adimu, kwa hiyo tunajaza matambara kwenye soksi kuukuu na kushona mdomo. Ni bora zaidi: hata ukimpata mtu shavuni haumuumizi, na nusu ya ugomvi umeshaiondoa kabla filimbi haijalia.

Rede watoto wanaijua. Wawili wanarusha kutoka pande mbili, walio katikati wanakwepa, aliyeguswa na mpira amekufa, anatoka. Shida yake ni kwamba anayekufa mapema ni yuleyule kila siku: mzito wa miguu, au aliyevaa viatu vya kaka yake vinavyompwaya. Anakaa pembeni anachora mchangani huku wepesi wakicheza. Basi ongeza kanuni moja: aliye katikati akiudaka mpira kabla haujagusa chini, anamfufua mtu, na anayefufuliwa lazima awe yule aliyekufa kwanza, si rafiki wa mdakaji. Hapo wa pembeni anasimama na kupiga kelele, "Daka! Daka!", kumshangilia mtu ambaye jana alikuwa anamcheka.

Kombolela, mchezo wa kujificha na kutafutana, haihitaji kubadilishwa sana. Waliokamatwa wanasubiri karibu na kopo mpaka aliyebaki mafichoni achomoke alipige teke, wote wawe huru. Mimi huongeza tu kwamba aliyewakomboa wenzake anasamehewa zamu ijayo ya kutafuta.

Lakini ukiniambia nibaki na mchezo mmoja, nitachukua mbio za miguu mitatu. Pasua kanga kuukuu upate vipande virefu. Funga mguu wa kulia wa huyu na wa kushoto wa yule, juu kidogo ya kifundo, ubakize nafasi ya kupitisha vidole viwili. Usifunge magotini, wakianguka wataumia. Urefu wao ulingane, tabia zisilingane: mbabe na mpole, mpiga kelele na asiyesema.

Waanze kwa kutembea. Mwenye haraka atavuta, wataanguka wote, naye atalalamika, "Ticha, huyu hajui!" Usiamue kesi hiyo. Waambie wainuke, na kwamba hawaondoki mpaka wakubaliane mguu gani unatangulia. Halafu sikiliza. Nilikuwa na wawili waliovutana mashati asubuhi kwa ajili ya penseli, mchana wamefungwa kanga moja, wananong'ona, "Wa kanga. Wa nje. Wa kanga. Wa nje." Mkono uliokuwa unasukuma ulihamia begani kwa mwenzake, maana bila hivyo hawafiki popote. Penseli sikuitaja tena.

Kuhusu timu: manahodha wasichague wachezaji. Anayebaki wa mwisho anasimama mbele ya darasa zima akijua hatakiwi. Hesabu moja, mbili, moja, mbili, yaishe.

Hili lijalo najua baadhi ya walimu wenzangu watalinunia. Kuruka kichura, pushapu na kuzunguka uwanja kwa kuchelewa namba si michezo, ni adhabu, na mtoto anajifunza kwamba akihema ni kwa sababu amekosa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi ya kuchangamsha mwili kila siku. Watazipendaje dakika hizo ikiwa jana tumewachapia kama fimbo? Wala usimfungie mkorofi michezo wiki nzima. Yeye ndiye anayeihitaji kuliko wote.

Akimpiga mtu, mtoe akae karibu nawe mpaka pumzi itulie, na usimhoji bado anahema. Kisha mpe kazi ya kuhesabu pointi za pande zote mbili, kwa sauti. Kutangaza pointi ya upande uliokukasirisha ni kazi ngumu hata kwa mtu mzima, sembuse wa miaka tisa. Raundi ikiisha anarudi kucheza.

Angalia na saa. Saa saba mchana, jua la utosi na tumbo tupu, hata wapole hugombana. Sisi tunacheza asubuhi baada ya uji. Mzazi wa nyumbani awaachie kuanzia saa kumi na moja jioni, na ndoo ya maji iwe karibu.

Mwisho waketi chini, kila mmoja ataje aliyemsaidia na alichomfanyia. "Amenisubiri nikifunga kamba ya kiatu" inatosha. Akijibu "wote", usikubali, dai jina. Ila usimpe pipi wala daftari anayetajwa sana. Ukianza kulipa, wiki ijayo wataangushana makusudi ili wapate wa kuwainua.