Kukata rufaa dhidi ya hukumu ya baraza la ajira Uingereza: madai ya ubaguzi wa rangi na mshahara

Utaratibu ninaoueleza hapa unatumika England, Wales na Uskoti. Ireland Kaskazini ina njia yake.

Hatua ya kwanza ni kupata sababu za hukumu kwa maandishi. Iwapo jaji aliitoa kwa mdomo, ziombe papo hapo, au ndani ya siku 14 tangu hukumu ilipotumwa.

Hatua ya pili ni kuhesabu siku, na hapa ndipo nimeona rufaa zenye hoja nzito zikizama. Una siku 42 tangu sababu hizo zilipotumwa, mradi uliziomba kwa wakati. Tarehe uliyofungua barua haihesabiwi. Zikitumwa Jumatano, notisi ya rufaa pamoja na nakala ya hukumu na sababu zake ziwe zimefika kwenye Baraza la Rufaa za Ajira (EAT), linalosikiliza rufaa hizi, kabla ya saa kumi alasiri, Jumatano wiki sita baadaye. Kuliomba baraza lilelile liangalie upya uamuzi wake hakusimamishi hesabu hiyo. Ada haitozwi.

Hatua ya tatu, iliyo ngumu kuliko zote, ni kutafuta kosa la kisheria, kwa sababu baraza la rufaa halisikilizi mashahidi upya wala halipimi nani alisema kweli. Kudai kwamba hakuna baraza lenye busara ambalo lingefikia uamuzi ule kunawezekana, lakini shauri la Yeboah dhidi ya Crofton la 2002, nalo la ubaguzi wa rangi, linataka uwe na hoja isiyopingika. Mimi huanza kwingine. Je, baraza lilipima kila tukio peke yake bila kutazama picha nzima? Je, lilifuata kifungu cha 136 cha Sheria ya Usawa ya 2010, kinachomhamishia mwajiri mzigo wa kuthibitisha? Kumbuka kwamba katika shauri la Efobi dhidi ya Royal Mail, mwaka 2021, Mahakama ya Juu ilishikilia kuwa mlalamikaji ndiye anayetangulia kuthibitisha mambo yanayoashiria ubaguzi.

Kuhusu makato, soma kifungu cha 13 cha Sheria ya Haki za Ajira ya 1996: ridhaa uliyotia saini baada ya tukio haihalalishi kukatwa mshahara kwa ajili ya tukio hilo, na baraza lililoikubali ridhaa ya namna hiyo limekosea sheria. Kulipwa kidogo kwa sababu ya rangi, kwa upande mwingine, ni dai la ubaguzi. Masharti ya malipo sawa yanahusu jinsia tu.

Kisha andika hoja chache, kila moja ikitaja aya ya hukumu, kanuni iliyokiukwa na jinsi kosa lilivyobadilisha matokeo. Hoja tatu zilizo wazi hunitosha.

Jaji wa baraza la rufaa huchuja karatasi kwanza. Akiona hakuna hoja, una siku 28 za kuomba usikilizwe ana kwa ana. Ukishinda, mara nyingi shauri hurudishwa kwenye baraza la ajira likaamuliwe upya, kwa hiyo usitupe slipu zako za mshahara.