Amoksi ya maji kwa mtoto: kuchanganya, kupima na kunywesha

Chupa ya amoksi ya maji ikitoka famasia, mara nyingi bado si ya maji. Ndani mna unga mkavu, umelala chini ya chupa, na kazi ya kuufanya uwe dawa anaachiwa mtu wa nyumbani, usiku, mtoto analia na umeme umekatika. Nimekaa nyuma ya dirisha la famasia miaka mingi. Malalamiko mengi ninayoletewa kuhusu amoksilini ya watoto, nikiyafuatilia, nakuta dawa haina kosa. Kosa liko kwenye maji na kijiko.

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi ambaye mtoto wake ameshapimwa na kuandikiwa dawa. Kama hajaonwa na mtaalamu, usianzie hapa. Amoksilini inaua bakteria, ndiyo maana hutolewa kwa nimonia na kwa sikio linalouma au kutoa usaha. Mafua na vikohozi vingi vya watoto huletwa na virusi, na kwa virusi chupa hii haina kazi. Utaishia kumsababishia mtoto kuharisha bure.

Hatua ya 1: Usiondoke dirishani kabla ya kuuliza

Kwanza sema kama mtoto aliwahi kupata vipele vya kuwasha, kuvimba uso au kupumua kwa shida baada ya kupewa dawa yoyote ya jamii ya penisilini. Amoksilini ni ya jamii hiyo, na sindano ya PPF pia. Watu wengi wanakumbuka "sindano ile ilimkataa" lakini hawaihusishi na dawa ya maji. Ihusishe, na useme kabla chupa haijafunguliwa.

Pili, somewa cheti kwa sauti. Unaweza kukuta pameandikwa "5 ml x 3 x 5/7". Hiyo 5/7 inawapoteza wengi. Maana yake ni siku tano. Saba ni siku za wiki, haina kazi nyingine. Kwa hiyo ni mililita 5, mara tatu kwa siku, kwa siku tano. Ukiona BD ni mara mbili kwa siku, TDS ni mara tatu.

Tatu, angalia nguvu ya dawa kwenye lebo. Zipo za miligramu 125 katika kila mililita 5, na za miligramu 250 katika mililita 5 zilezile. Chupa zinafanana kama mapacha. Ukimpa kwa mazoea kipimo cha chupa ya mwezi uliopita, mtoto anaweza kupata mara mbili ya dozi yake, au nusu. Isitoshe, dozi ya mtoto huhesabiwa kwa kilo, na mtoto anakua. Kama hakupimwa uzito siku hiyo, omba apimwe.

Halafu piga hesabu ya chupa. Mililita 10 mara mbili kwa siku 7 ni mililita 140, na chupa nyingi zina mililita 100. Hapo unahitaji chupa mbili. Ya pili iache na unga wake mpaka ya kwanza iishe.

Hatua ya 2: Kuchanganya

Njia rahisi kuliko zote: mwombe mtoa dawa akuchanganyie palepale. Isipokuwa kama unapanda basi kwenda mbali. Siku za uhai wa dawa zinaanza kuhesabiwa pale maji yanapoingia, hivyo safiri na unga na uchanganye ukifika.

Ukichanganya mwenyewe, tumia maji yaliyochemshwa na yakapoa kabisa. Nasisitiza kupoa. Maji ya moto yanaharibu dawa na kuufanya unga ushikane mabonge.

Kabla ya kufungua, gonga kitako cha chupa kwenye kiganja mpaka uone unga wote unatembea. Huwa unaganda pembeni, na usipoulegeza, maji yatapita juu yake. Fungua, tia maji yafike kama nusu ya njia kuelekea kwenye mstari au mshale uliochorwa kwenye chupa au lebo. Funga, tikisa kwa nguvu, geuza chupa kichwa chini uone kama kuna unga umebaki kitakoni. Sasa iweke mezani.

Hapa ndipo haraka inapoharibu. Kutakuwa na povu, na povu linadanganya macho. Ukilisoma kama maji utaishia chini ya mstari na dawa itakuwa nzito kuliko ilivyopangwa. Subiri litulie. Ongeza maji mpaka yaguse mstari ukiwa umeinamia chupa, macho yako usawa nao, kisha tikisa tena. Usijaze mpaka shingoni ukidhani inakuwa nyingi zaidi. Miligramu ni zilezile, umezipunguza nguvu tu.

Mama mmoja alinirudia siku ya nne, mtoto bado ana homa. Chupa aliyoileta ilikuwa kavu, unga umefika nusu. Alikuwa akichota unga kwa kijiko, anaukoroga kwenye kikombe kila mara. Alifuata nilichomwambia: "Changanya na maji, mpe kijiko kimoja." Foleni ilikuwa ndefu siku ile, nami sikumwonyesha. Tangu hapo nachanganya mwenyewe, hata watu wakinuna nyuma.

Andika tarehe ya kuchanganya kwenye lebo kwa kalamu.

Hatua ya 3: Kupima

Achana na kijiko cha chai. Vijiko vya nyumbani havilingani; chukua viwili kutoka kwenye kabati lako, uvijaze maji, uone. Tumia kijiko cha plastiki au kikombe chenye alama kilichokuja na dawa. Bora zaidi ni bomba la sindano, lile lisilo na sindano yenyewe, la mililita 5 au 10.

Tikisa chupa kila mara kabla ya kupima, hata kama uliitikisa asubuhi. Dawa hii hutuama. Asiyetikisa humpa mtoto maji matupu siku za mwanzo na tope la dawa siku za mwisho.

Hatua ya 4: Kunywesha

Mkalishe mtoto, au mpakate kichwa kikiwa juu. Elekeza bomba ndani ya shavu na usukume kidogokidogo, ukimpa nafasi ya kumeza. Ule mtindo wa kumlaza chali na kumbana pua ili ameze, tuuache. Anaweza kupaliwa dawa ikaingia mapafuni, na pengine mapafu ndiyo yaliyomleta hospitali.

Usiichanganye kwenye chupa nzima ya maziwa au bakuli la uji. Asipomaliza, hutajua amekunywa kiasi gani. Anaweza kuinywa ameshiba au hajala, kwa hiyo usichelewe kwa kusubiri chakula.

Akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi. Akitapika kila unachompa, rudi hospitali.

Kuhusu saa: mara tatu ni kila baada ya saa nane, mathalani saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Mara mbili inaweza kuwa saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Ukisahau, mpe unapokumbuka. Kama dozi inayofuata imekaribia, ruka iliyopita. Usimpe mbili kwa pamoja.

Baadhi ya zahanati hutoa vidonge vya kuyeyuka vya miligramu 250 badala ya chupa. Hivyo huyeyushwa kwenye maji kidogo au maziwa ya mama, dozi moja moja, na kunywewa hapohapo.

Hatua ya 5: Kutunza

Soma lebo. Kuna zinazodumu siku 7 baada ya kuchanganywa, kuna zinazofika 14 zikiwa kwenye friji. Usiziweke sehemu ya kugandisha barafu. Nyumba isiyo na friji, iweke mahali pa baridi kuliko pote, kivulini, mbali na jiko na dirisha la jua, na mkono wa mtoto usifike.

Siku ya tatu, na ishara za kukimbilia hospitali

Kuharisha kidogo hutokea. Endelea na dawa, mpe maji mengi na ORS. Lakini kinyesi chenye damu, midomo au uso kuvimba, mabaka yanayowasha mwili mzima, au kifua kubonyea anapovuta pumzi, hapo hakuna kusubiri asubuhi. Vivyo hivyo kwa degedege, kushindwa kunyonya au kunywa, na kulegea asiamshike. Akipata dalili za mzio, usimpe dozi nyingine.

Bila hayo yote, kama siku ya tatu homa haijashuka wala kupumua hakujapungua kasi, mrudishe aonwe upya. Usiongeze dozi nyumbani. Na akichangamka siku ya pili, akaanza kukimbiza kuku uani, dawa inaendelea mpaka siku zilizoandikwa ziishe.

Itakayobaki usimwekee mdogo wake. Irudishe famasia, au imwage kwenye mfuko wenye majivu au mchanga, ufunge, utupe na taka. Bomba lioshe ulitunze. Hilo ndilo la kubaki kabatini.