Nimeipa Mashi kazi ya mbabula

Mtoto wangu mkubwa ana miaka 14, na Mashi yake, lugha yetu Bashi, ni ya kusikia tu. Ukimtuma anaenda, lakini jibu linatoka kwa Kiswahili. Kosa ni langu. Kila aliponijibu Kiswahili nami nilihamia huko ili mambo yaende mbio. Alipofika miaka saba nikanunua daftari, tusome Mashi kila Jumamosi. Daftari halikumaliza mwezi.

Kwa huyu wa mwisho, wa miaka mitatu, nimebadili njia. Kama nawe unalea hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, Kiswahili cha uwanjani na Kifaransa cha shule vitakuja vyenyewe. Lugha ya nyumbani ndiyo ya kutafutiwa kazi. Yangu nimeipa mbabula, jiko la makaa: toka kuwasha makala hadi bugali kuiva, ni Mashi tu. Nasema ninachofanya, naosha sambaza, vile visamaki vya ziwani, naulizia chumvi imewekwa wapi. Simwulizi "hii inaitwaje?" Huo ni mtihani, na mtoto huunusa kutoka mbali.

Usingoje aanze kusema. Sauti ya mama anaisikia tangu tumboni; neno la kwanza huja karibu na mwaka mmoja, maneno mawili pamoja karibu na miwili. Miezi yote hiyo ya kimya anaweka akiba.

Akisema "maji", simkosoi. Namjibu, "Amîshi? Amîshi haya hapa," nampa kikombe, basi. Juzi kikombe kilimwagika akapiga kelele mwenyewe: "Amîshi!"

Kucheka ndiko kunaharibu. Siku moja alimwamuru kaka yake, "La bugali!" Hakuna aliyemfundisha hivyo. Kasikia pika, lala, soma, akakata ku- ya kula vilevile. Ile akili ilistahili sifa, lakini wakubwa waliangua kicheko, naye akala kimya mpaka mwisho. Tangu hapo, anayecheka anaosha sahani zote. (Mume wangu ameshaosha mara mbili.)

Halafu mtafutie mtoto mtu ambaye hawezi kumwepa kwa Kiswahili. Mama yangu, kule Walungu, akisemeshwa Kiswahili anajifanya simu inakatika. Jumapili nampigia, nampa mtoto simu, kisha natoka kwenda kuanika nguo. Nikibaki karibu, atanigeukia nimtafsirie.