Kompyuta inajizima ovyo? Anza na ramu

Kama kompyuta yako inaganda au inajiwasha upya yenyewe kila mara, na ushapiga Windows upya lakini wapi, basi achana na programu, mara nyingi shida ipo kwenye vifaa. Angalia kwanza inazima ukiwa unafanya nini. Ikizima ukiwa kwenye gemu au kazi nzito tu, mara nyingi ni joto au pawa saplai, puliza vumbi kwenye feni, na ile pesti ya juu ya prosesa ikiwa imekauka ibadilishe. Ila ikizima bila mpangilio, mara kwenye brauza mara hata haijamaliza kuwaka, na skrini ya bluu inakuja na ujumbe tofauti tofauti, mi nashuku ramu (RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta) kabla ya kitu chochote.

Zima, chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha kesi utoe umeme tuli, toa ramu zote acha moja, alafu washa utumie kama kawaida, ikisumbua weka nyingine kwenye sloti ileile. Ramu inayoleta shida kila sloti ndo mbovu, ila kama zote zinasumbua kwenye sloti moja tu basi lawama ni za mazabodi, ile bodi kuu yenye sloti. Au weka MemTest86, programu ya kupima ramu, kwenye flashi, washa kompyuta kupitia hiyo flashi, iache usiku kucha, eror hata moja haikubaliki. Kama umewasha XMP (mpangilio wa BIOS unaoipandisha ramu kasi, na unaweza kuleta eror) izime kwanza kabla ya kupima, watu wanatupa ramu ambazo hazina kosa lolote!

Diski nayo icheki SMART, yaani ripoti ya afya inayotunzwa na diski yenyewe, ukiona sekta mbovu zinaongezeka kopi mafaili yako leo leo.