Igizo, kwaya na ngoma kwa siku ya mahafali: maandalizi ya wiki kumi

Mahafali ya kidato cha nne kwa kawaida huangukia Septemba au Oktoba, kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba. Klabu ya sanaa ikianza mazoezi shule zinapofunguliwa Julai, ina wiki kumi hivi mkononi. Ukifanya mazoezi mara tatu kwa wiki, saa moja na robo kila mara, kwenye karatasi utapata vipindi 30. Panga kazi ya vipindi 20 tu. Vilivyobaki vitaliwa na majaribio ya kati ya muhula, vikao vya walimu na usafi wa Jumamosi.

Kabla ya kuandikisha majina, tazama ratiba ya mitihani. Kidato cha pili nao wana upimaji wa kitaifa Novemba, na kidato cha nne ndio wenye sherehe. Kwa hiyo uti wa mgongo wa kundi uwe kidato cha tatu na cha kwanza. Watu 40 wanatosha: waigizaji 7, wanakwaya 20, wachezaji ngoma 8, wapigaji 4, na mmoja wa kutunza maleba na vifaa asiyepanda jukwaani kabisa. Mwanafunzi akitaka vitu viwili, mruhusu, ila visifuatane kwenye ratiba. Kubadili nguo nyuma ya bwalo huchukua dakika 5, na mshereheshaji hawezi kuzijaza zote kwa maneno.

Igizo

Dakika 15 zinatosha. Ukurasa mmoja wa A4 wa majibizano hula takriban dakika moja na nusu hadi mbili jukwaani, hivyo kurasa 8 tayari ni nyingi. Tengeneza pia toleo la dakika 8, na ulifanyie mazoezi kama lile refu. Mgeni rasmi akichelewa, ratiba itakatwa, na sanaa ndiyo hukatwa kwanza. Kundi lisilo na toleo fupi hupunguza igizo palepale nyuma ya pazia, kisha waigizaji wawili wanaingia kwenye onyesho ambalo wenzao wameshaliruka.

Igizo linalotungwa na wanafunzi wenyewe huwa hai kuliko la kunakili, mradi usianze na mada. Ukisema "tungeni kuhusu dawa za kulevya" utaletewa mahubiri. Wape watu watatu, chumba kimoja na kitu kimoja ambacho kila mtu anakitaka. Waache waigize dakika 5 bila karatasi, mmoja aandike yale yaliyochekesha au kunyamazisha wenzake. Baada ya vipindi vitatu vya namna hiyo, kaeni muandike hati. Kisha chukueni kalamu nyekundu. Baba anaposema, "Mimi kama mzazi wako nasikitika sana kwa tabia yako mbaya ya kuuza vitu vya nyumbani," hakuna baba wa namna hiyo. Baba huingia, anatazama ukutani palipokuwa na redio, anauliza: "Redio iko wapi?" Mtoto anajibu, "Ipi?" Hapo bwalo zima limeshaelewa. Na ile tabia ya waigizaji wote kujipanga mstari mwishoni na kuiasa jamii, ifute. Wazazi wameshaelewa, na hotuba za kutosha zinakuja.

Kitu kinachoua maigizo mengi ya shule ni kutosikika. Bwalo lina bati juu, saruji chini, watoto wadogo mbele na mpishi anayegonga masufuria upande wa pili. Maikrofoni moja ya kupokezana haisaidii. Inawageuza waigizaji kuwa foleni, na umeme ukikatika hakuna igizo tena. Fanyeni mazoezi bila kipaza sauti kuanzia siku ya kwanza.

Njia ya kupima ni rahisi. Mwanafunzi mmoja, tena asiyeijua hati, akae safu ya mwisho na ainue mkono kila anapopoteza neno. Muigizaji arudie sentensi palepale. Mara nyingi utagundua sehemu mbili zinazopotea. Ya kwanza ni mwanzo wa neno: "sikuichukua" ikimezwa mwanzoni inaweza kuwa "niliichukua" masikioni mwa mtu wa nyuma, na kisa kinageuka. Ya pili ni silabi ya mwisho, kwa sababu mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na kinachofuata huachwa kife. Waambie wavute pumzi kabla ya kila sentensi na waifikishe mpaka herufi ya mwisho. Kupiga kelele hakusaidii. Sauti hukwaruza na maneno hayaongezeki.

Anayesema asimpe mwenzake uso wote. Ageuze mwili nusu kwake na nusu kwa watazamaji. Watu wakicheka, subirini kicheko kianze kushuka ndipo sentensi inayofuata itoke. Hili halijifunzwi kwenye chumba kitupu, kwa hiyo wiki ya nane waiteni kidato kizima waje kutazama.

Kwaya

Wimbo mmoja wa dakika 3 au 4, ulioiva, unapita nyimbo tatu za nusunusu. Kwa wanakwaya 20, gawa hivi: sauti ya kwanza 7, ya pili 5, ya tatu 4 na besi 4. Wavulana wakiwa haba, imbeni sauti tatu.

Tatizo la kidato cha kwanza ni sauti zinazovunjika. Mvulana wa miaka 14 anaweza kuimba vizuri noti tano au sita tu, na noti hizo zinahama kutoka mwezi hadi mwezi. Usimfukuze wala usimlazimishe besi kwa sababu ameanza kuota ndevu. Msikilize peke yake, tafuta pale sauti yake inapotulia, mpe mstari mwepesi wa katikati, na umsikilize tena baada ya wiki tatu.

Fundisha kwa sofa (do, re, mi), mstari kwa mstari. Besi na sauti ya tatu wajifunze chumba kingine kwa dakika 20 kabla ya kuunganishwa; wakijifunzia karibu na soprano, yaani sauti ya kwanza, watafuata wimbo mkuu bila kujijua. Ufunguo, yaani noti ambayo do inakaa, usikisiwe kwa kuvumisha; ni muhimu kuliko walimu wengi wanavyodhani. Wimbo unaopanda hadi mi ya juu, weka do kwenye D au E bemoli, kwa kutumia kinanda au programu ya kinanda kwenye simu. Ukiweka do kwenye G, soprano watakuwa wanapiga mayowe. Mkimaliza, piga do tena kwenye kinanda. Mkiwa mmeshuka, sababu kubwa huwa pumzi: noti ndefu zinaishiwa hewa, na noti zinazojirudia zinateleza kidogokidogo. Tia alama ya pumzi kwenye karatasi na wote wavute hapo.

Ngoma

Chagueni ngoma ambayo fundi wake yupo karibu na shule. Bugobogobo ya Wasukuma yenye majembe inapendeza jukwaani, na Lizombe ya Wangoni pia, lakini ikijifunzwa kwa video huishia kuwa mruko wa mikono na miguu. Mwiteni mzee anayeijua, mpeni nauli na chakula, na mumuulize huchezwa lini na nani. Baadhi ya ngoma ni za jando na unyago na si za kuonyeshwa kila mtu. Mzee akisema hii hapana, tafuteni nyingine.

Mazoezi ya mapigo yaanze kwenye ndoo za plastiki za lita 20 zilizopinduliwa, ili ngozi zisichoke. Ngoma zenyewe zinahitaji kuwambwa kwa moto kabla ya kupigwa. Washa nyasi kavu au vijiti, shika ngoma umbali ambao mkono wako unaustahimili, na uizungushe ili joto lifike ukingoni kote badala ya katikati pekee. Gonga, sikiliza, ongeza. Sauti ikitoka kavu na yenye mlio, acha. Ikizidi, ngozi hupasuka, na ukiiacha juani mchana kutwa hupasuka vilevile. Siku ya mahafali ngoma ndiyo hupokea wageni getini, na wageni huchelewa, kwa hiyo mtu mmoja abaki na moto hadi magari yaonekane.

Wachezaji wakicheza kwenye vumbi, nyunyizeni maji uwanjani saa moja kabla. Kwenye saruji punguzeni miruko. Magoti huumia kabla ya wiki ya tano. Kasi nayo huelekea kupanda, na kosa huwa la mpigaji wa ngoma ndogo anayefurahia makofi. Mpigaji wa ngoma kubwa ndiye ashike mwendo, na wengine wamsikilize yeye.

Maleba na siku yenyewe

Kanga, vitenge, kaniki na shuka za kuazima zinatosha. Andika jina la mwenye nguo kwenye kipande cha plasta ndani ya pindo. Ndevu na mvi: mkaa uliosagwa kwa ndevu, unga kwa nywele, vyote vikichanganywa na mafuta ya mgando kidogo ili visimwagike.

Mwombeni mwalimu wa ratiba aweke igizo kabla ya risala na hotuba. Baada ya keki, nusu ya wazazi wanatazama lango la jikoni. Zoezi la mwisho lifanyike siku mbili kabla, na nguo zote, mkipima muda kwa saa, bila kusimama hata mtu akikosea. Siku ya mwisho kabla ya sherehe wapumzike, hasa wanakwaya.

Jioni ya mahafali, kabla watu hawajatawanyika, aliyetunza maleba apitie orodha yake nguo kwa nguo. Ngoma zining'inizwe ukutani kwenye stoo kavu, mbali na moshi wa jiko na mahali panya hawafiki, kwa sababu wanatafuna ngozi.