Umetoka jukwaani, unataka kuingiza sauti? Anza hapa

Nilisomea sanaa za maonyesho Bagamoyo, kisha nikazunguka miaka 9 na kikundi cha maigizo ya vijijini. Jukwaa letu lilikuwa kivuli cha mwembe. Watu 300, watoto wanalia, pikipiki zinapita, maiki hakuna, na bado mzee aliyekaa mwisho kabisa alinisikia. Basi siku ya kwanza nilipoingia studio Dar es Salaam kumwingizia sauti mama mkwe wa tamthilia ya Kituruki, yaani kumsemea kwa Kiswahili, nikafungua kinywa kama nilivyozoea. Fundi mitambo akavua hedifoni, akasugua masikio, akaniambia taratibu: "Dada, mie nipo hapa hapa."

Siku hizi vijana wa vikundini wananiuliza waanzeje. Nawajibu hivi.

Usihangaike kupunguza sauti. Ukimwambia mtu wa jukwaani apunguze, atanong'ona, na mhusika atakufa hapo hapo. Punguza umbali. Mpangie mhusika wako msikilizaji mmoja tu na ujue amekaa wapi: ng'ambo ya meza ya chakula, au ubavuni kitandani. Pumzi iendelee kutoka tumboni kama zamani. Maiki ikae shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, isikuelekee moja kwa moja. Weka kiganja mbele ya mdomo useme "papa, pepo, pipa". Pale unapohisi upepo ndipo maiki isipotakiwa kukaa.

Ukitaka kufoka, na mama mkwe wangu alifoka kila sehemu ya tamthilia, mwambie fundi mapema ashushe kiwango cha kurekodi, kisha rudi hatua moja nyuma na ugeuze uso kidogo. Ukimshtukiza, sauti inapasuka, na iliyopasuka dawa yake ni kurudia.

Mwili nao usiuache mlangoni. Simama, tumia mikono. Mimi nikisema "toka nyumbani kwangu" lazima nioneshe mlango kwa kidole, la sivyo mtu hatoki. Ila bangili, hereni ndefu na kanga mpya yenye wanga, vyote vina kelele, vua. Njaa pia ina kelele. Tumbo langu liliwahi kunguruma katikati ya kifo cha mwanangu wa kwenye tamthilia, na studio nzima ikacheka dakika 10. Kula kidogo saa moja kabla. Mate yakitoa mlio mdomoni, kunywa maji kidogo kidogo tangu asubuhi, na uwe na kipande cha tufaha la kijani. Maziwa yaache mpaka urudi nyumbani.

Sasa midomo, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Jukwaani mdomo ni wako. Kwenye kuingiza sauti mdomo ni wa mtu mwingine, tena anazungumza lugha nyingine. Karibu kila neno letu linaishia na irabu, yaani mdomo wazi. Kituruki hakina sharti hilo. Chukua "seni seviyorum". Maana yake ni "nakupenda", lakini ile ina silabi 6 na yetu ina 4. Ukisema "nakupenda" peke yake, kijana anabaki anachezesha mdomo bila sauti, kama samaki. "Nakupenda sana" inatimiza 6, ila yule wa kwenye picha anamalizia kwa m, midomo imefumbwa, na wewe unamalizia "na". Tulijaribu hiki na kile mpaka tukafika kwenye "nakupenda mno". Silabi 6, midomo inafumba kwenye m, na ule mviringo wa o unafanana na wake. Si sawasawa kabisa, lakini jicho linaridhika. Herufi za kuchunga ni m, b na p, kwa sababu mtazamaji anaziona. K na g ziko nyuma ya kinywa, huko hakuna anayechungulia.

Kuna siku lugha yenyewe inakusaidia. Baba kwao ni "baba". Habari ni "haber", dunia ni "dünya", kitabu ni "kitap". Hayo matatu wao na sisi tumeyapata kwa Waarabu. Yakitokea, yashike.

Kabla ya kurekodi, tazama kipande mara moja bila kusoma skripti. Mara ya pili weka alama ya mkwaju (/) kwenye skripti kila mwigizaji anapovuta pumzi. Mara ya tatu hesabu silabi kwa vidole. Sentensi ikizidi, mwambie mwongozaji. Usiikate mwenyewe ukaja kuvuruga kisa cha sehemu ya 40.

Nyumbani huhitaji studio. Kabati lililojaa nguo linatosha, na godoro lisimamishwe nyuma yako. Mimi narekodi kati ya saa nane na saa kumi usiku, bajaji zimelala. Mvua ikinyesha juu ya bati, lala na wewe. Friji izime, na funguo za nyumba ziweke ndani yake ili usiondoke bila kuiwasha. Ujanja huo niliujua baada ya kupoteza kilo mbili za nyama.

Pesa ulizia kabla ya kuvaa hedifoni: wanalipa kwa siku, kwa dakika au kwa sehemu? Na kama ni tangazo, litapigwa kwa muda gani? Langu moja nililipwa mara moja tu, na likapigwa redioni miaka mitatu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwigizaji, lakini ukishatia saini karatasi usiyoisoma, utaanzia wapi? Siku hizi ongeza mstari mmoja: sauti yangu isitumike kutengenezea sauti ya kompyuta bila ridhaa yangu ya maandishi na malipo yake.

Sampuli ya sauti ya kutuma studio ukiomba kazi iwe ya sekunde 60, isiwe na muziki. Anza na sauti yako ya kawaida, ile unayoombea chumvi kwa jirani, ndipo ufuate na wahusika wawili, basi. Jina la faili liwe jina lako na namba ya simu. Nimewahi kuona folda yenye mafaili 40, karibu yote yanaitwa "sauti mpya".